Jogoo wa Radhi kwa Mtu Asiyechinja

Ndugu zangu,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza swali moja: imekuwaje niliondoka na jogoo nikarudi na jogoo yule yule. Nimewajibu "ni habari ndefu" mpaka mmeacha kuniuliza. Mnanijua, maneno yangu hayatoki vizuri mbele ya watu. Kwa hiyo nimeandika, kidogo kidogo, kila nilipotoka shambani.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Injini ya pampu yetu haikufa kwa sababu ya Fundi Siripala. Ilikufa kwa sababu yangu.

Kabla ya kuondoka

Fundi Siripala mnamkumbuka, yule mtu mwembamba wa kisiwa cha Seloni mwenye mvi, aliyekuwa akisema Kiswahili polepole kama anayevuka mto kwenye mawe. Alikaa nasi miezi minne akafunga injini ya kisima, na mimi, niliyechaguliwa na mkutano kuwa mwangalizi, akanifundisha. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kitumbukize, kitazame. Ikipungua, ongeza. Injini hii ni kuukuu, alisema, inakula oili kila siku kama mtu anavyokula ugali.

Mnakumbuka pia yale mambo yake matano. Katekista alimuuliza dini yake ina amri ngapi. Akasema amri hana, ila yapo matano anayojiwekea mwenyewe kila asubuhi: hatoi uhai wa kiumbe, hachukui asichopewa, hamwendei mwanamke asiye wake, hasemi uongo, hanywi kitu kinachopoteza akili.

"Nani amekuagiza?" katekista akauliza.

"Hakuna aliyeniagiza."

"Sasa ukivunja, nani anakuadhibu?"

Fundi alifikiri kidogo. "Nikimpiga mtu, yeye anaumia, na mimi nakuwa mtu anayepiga. Hiyo inatosha."

Watu walicheka. Mwingine akasema dini isiyo na fimbo ni ya wazee wasio na meno. Mimi pia nilicheka.

Siku maji yalipotoka tulimpa mbuzi. Akamfunga nyuma ya nyumba akawa anamfuga. Tulisema anasubiri Mwislamu wa kumchinja, kama tunavyofanya wenyewe kwenye sherehe ili wote wale. Tukampelekea mchinjaji. Fundi alimpa chai, wakaongea, akamrudisha. Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa hivi: yule mchinjaji hakumpendeza. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nitembee nchi nzima na kuku.

Wiki ya harusi ya binamu yangu nilikunywa pombe ya mtama siku tatu. Asubuhi zote tatu niliwasha injini bila kugusa kijiti. Siku ya nne ikalia kama chuma kinachosagwa, ikasimama, haikuwaka tena.

Ofisa wa maji alipokuja kukagua, alikuta oili hakuna, na nati ya chini ya kutolea oili imelegea kidogo, kama nati zinavyolegea kwa mtikisiko. Akaniuliza mbele ya kamati ya kisima, "Nani aliifungua nati hii mara ya mwisho?"

Nikasema, "Fundi Siripala."

Ilikuwa kweli. Ndiye aliyebadilisha oili wiki mbili kabla. Wakamgeukia Fundi. "Uliikaza?"

Alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Mtu yeyote angesema ndiyo. Yeye alisema, "Nadhani niliikaza. Siwezi kusema nina hakika."

Ikaishia hapo. Wakamwachisha kazi. Mama zetu wakarudi kwenye korongo kuchimba mchanga wapate maji, na mimi nikabaki na ufunguo wa nyumba ya injini shingoni, nalinda chuma kilichokufa.

Nilikaa hivyo wiki saba. Kisha dereva wa ofisi ya maji, alipokuja kuchukua mabomba, alisema tu njiani, "Yule Mseloni wenu anakaa Dar es Salaam kwenye nyumba ya ibada ya kwao. Meli yake ni Jumamosi ya wiki ijayo." Jioni ile nilimwambia mama yote. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na jogoo mwekundu, yule mwenye manyoya miguuni.

Mnajua desturi ya kwetu. Aliyemkosea mtu mzima haendi mikono mitupu. Anapeleka jogoo, jogoo anachinjwa pale pale kwa aliyekosewa, na hao wawili wanagawana ini. Wakishakula ini, neno limekwisha, halisemwi tena. Wasipokula, bado lipo.

"Mama, lakini Fundi hachinji."

"Hata mimi sichinji. Utatafuta wa kuchinja."

Kwa miguu hadi Kinyangiri, kisha mjini

Niliondoka Alhamisi kabla jua halijachoma, jogoo ndani ya tenga kichwani. Kinyangiri nilifika mchana, shingo imekauka kama kuni. Lori lililokuwa liende mjini lilikuwa linasubiri magunia ya vitunguu, na magunia yalikuwa yanasubiri punda. Punda walikuja kesho yake.

Njiani nilijisomea sentensi yangu. Mimi ndiye sikutia oili. Kila lori liliporuka kwenye shimo sentensi ilikatika katikati, nikaanza upya. Mjini Singida nilifika Ijumaa jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope.

Utemini

Nililala Utemini kwa mama mdogo, anayeuza uji karibu na kisima. Nilimwamkia, akaitikia huku anatazama tenga.

"Umeniletea mimi?"

"Hapana, mama mdogo. Nampelekea mtu Dar es Salaam."

"Dar es Salaam hakuna kuku?"

Ikabidi nimweleze. Alisikiliza akikoroga uji. Nilipomaliza akasema, "Wewe uliulizwa nani alifungua, ukasema aliyefungua. Uongo uko wapi? Na huyo mtu keshafukuzwa, injini haitafufuka. Unakwenda kuchimbua nini?"

Nilikaza kamba ya tenga. Nilikuwa nimelifikiria hilo wiki saba, na bado nilikuwa nimeondoka.

"Basi nenda," akasema. "Lakini mtu asiyekula nyama unampelekea jogoo. Mwenzangu akinisimulia nitasema ananidanganya."

Jumamosi hakuna lori. Jumapili hakuna lori. Nilikaa kwenye benchi la uji nikihesabu siku kwa vidole, na jogoo alikula mabaki ya wateja akanenepa, mimi nikikonda.

Njia ya Mitundu

Jumatatu nilipata lori la kwenda Itigi, kituo cha treni. Sikuuliza linapita wapi. Ningeuliza, lakini dereva alikuwa anagombana na mtu, na mimi huwa nasubiri watu wamalize. Kumbe lilikuwa linapita Itigi bila kusimama hadi Mitundu kuchukua asali na nta, ndipo lirudi.

Juu ya mizigo tulikuwa watu sita. Karibu yangu alikaa mzee Athumani, fundi cherehani wa Ikungi, anayekwenda Dar es Salaam kumwona binti yake aliyejifungua. Ni Mnyaturu, na alipojua mimi ni Mnyiramba utani ukaanza.

"Huyo jogoo ni mkeo? Umemkumbatia tangu Singida."

Nilisogeza tenga karibu zaidi.

"Mnamwona? Hawa wamepewa jembe tu. Kusema, tunawasemea sisi."

Jioni tulifika Mitundu, na palepale ekseli ikavunjika. Dereva aliazima baiskeli akaenda Itigi kutafuta nyingine. Tukakaa Jumanne nzima. Mama mmoja wa pale alitupa uji baridi wa uwele, na asali ilikuwepo nyingi, lakini asali bila chakula inachosha mdomo haraka. Mchana wa siku hiyo njaa ilikuwa imetufanya wakali. Utingo, kijana mwenye mikono mipana, aliwasha moto, akateka maji, akayabandika, kisha akanijia.

"Haya. Mlete."

Nilishika tenga kwa mikono miwili.

"Tutamlipa mwenyewe akitaka," utingo aliwaambia wengine, kama vile mimi sipo.

Mzee Athumani akasema, "Muulize kwanza kuku ni wa nini. Mtu habebi jogoo hivi kama hana sababu."

Basi nikasema, macho nikiyaweka chini. Nilisema mambo ya kijiti, ya harusi, ya nati, ya Fundi kutazama mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaambia watu nisiowajua, na sauti ilikuwa ndogo mpaka utingo alichuchumaa ili asikie. Nikafika mwisho. Utingo aliinuka, akamwaga maji yake.

"Kwa hiyo ni kuku wa kesi," akasema. "Kuku wa kesi haliwi njiani. Ungesema mapema."

Akachota karanga mfukoni, chache zilizobaki, akala nusu, nusu akamrushia jogoo.

Baadaye mzee Athumani akaniuliza, "Huyo fundi wako, hachinji kabisa?"

"Hachinji mwenyewe. Tulimpelekea mchinjaji, nadhani hakumpendeza."

"Hamkumpelekea mtu anayejua." Alinionyesha kisu chake, kimefungwa kwenye gazeti ndani ya mkoba wa cherehani. Kwao yeye ndiye huchinja kwenye shughuli zote. "Nitakuja nawe nimchinjie. Halafu ndiyo nimwone mjukuu."

Nilifurahi sana. Nilijiona nimepata kitu kilichokuwa kinakosekana.

Itigi

Ekseli ilifika Jumatano. Itigi tuliingia jioni, treni ya siku hiyo imekwishapita. Tukalala kwenye sakafu ya kituo, na Alhamisi tukakaa tena kuisubiri nyingine, iliyochelewa tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilikula muhogo wa kuchoma na chumvi. Jogoo alianza kufumba macho mchana, kama mtu mzima aliyechoka. Nilimnywesha maji kwa kiganja. Kesho kutwa meli ingeondoka, na mimi nilikuwa bado ndani ya mkoa wangu.

Ndani ya treni

Behewa lilijaa mpaka mlangoni. Mzee Athumani alisukuma tenga chini ya benchi akaliziba kwa mkoba wake, kwa maana kuku hawaruhusiwi kukaa na abiria. Tulipita Manyoni, tukapita Dodoma. Asubuhi mkaguzi wa tiketi akaingia, jogoo akawika.

Mkaguzi aliinama, akaliona tenga.

"Nani ameweka kuku hapa?"

Watu wakatazama dirishani. Akauliza tena, sasa kwa kututazama mmoja mmoja. Macho yake yalipofika kwangu, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Aliyemweka pale ni mzee Athumani. Ilikuwa kweli. Mkaguzi angemgombeza mzee kidogo, angeona mvi, angepita zake.

Ni jibu lile lile la siku ya kamati, ndugu zangu. Lilikuwa limenisubiri njia yote mpaka huku.

"Aliyemweka ni mzee huyu," nikasema, "lakini kuku ni wangu. Alikuwa ananisaidia."

"Toka naye."

Nilikwenda kukaa kwenye behewa la mizigo, juu ya magunia, hakuna dirisha, joto linazidi kadiri tunavyoshuka. Morogoro mzee Athumani alikuja kuniletea chapati mbili.

"Ungesema mimi tu," akasema. "Mimi mzee, angenifanya nini?"

"Najua."

Hakunitania tena mpaka tulipofika.

Dar es Salaam

Ijumaa alasiri. Joto la kule linakushika kama nguo iliyolowa. Miguu yangu ilivimba, mzee Athumani naye alikuwa anachechemea, lakini alikataa kwenda kwanza kwa binti yake. "Meli ni kesho. Twende."

Tuliuliza nyumba ya ibada ya watu wa Seloni. Mwenye duka akatuelekeza vizuri kabisa, tukafika kwenye hekalu la Wahindi. Mzee wa mlangoni alimtazama jogoo, akatazama mpini wa kisu uliochomoza kwenye mkoba, akafunga geti. Kisha akafungua tundu dogo akasema Wabudha ni mtaa mwingine, na tafadhali tuondoke.

Tulitembea tena. Mwisho tukaona nyumba nyeupe ya kimya, na uani mti wenye majani ya umbo la moyo, yanayocheza hata upepo usipokuwepo. Mtawa mzee aliyevaa shuka la rangi ya manjano alikuwa anafagia. Kichwa kimenyolewa, Kiswahili chake cha mjini kabisa.

"Karibuni. Na huyo wa tatu anaitwa nani?"

Nilisema hana jina. Nikasema tumekuja kwa Fundi Siripala. Mtawa akaenda kumwita, na mzee Athumani, mtu asiyependa kupoteza muda, akamuuliza akiwa anaondoka, "Kibla hapa ni upande gani?"

Mtawa alifikiri, akamwonyesha. Kisha akarudi na mkeka safi, akamtandikia kwa heshima.

Mzee Athumani akautazama mkeka. "Damu itauharibu huu."

"Damu gani?"

Mzee akafungua gazeti. Mtawa alitazama kisu, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Hakukasirika. Aliketi polepole kwenye ngazi, kama mtu aliyekumbuka kwamba magoti yake yanauma. Hapo ndipo Fundi Siripala alipotoka.

"Elia," akasema. "Umekonda."

Nilikuwa nimeisoma sentensi ile siku tisa. Ikatoka bila mimi. "Mimi ndiye sikutia oili. Siku tatu sikupima."

Aliketi karibu na mtawa. "Na nati?"

"Ililegea kidogo tu. Haikuvuja. Niliangalia chini kabla ofisa hajafika. Sakafu ilikuwa kavu, hata tone hakuna."

"Kavu."

"Kavu."

"Kwa hiyo niliikaza."

"Uliikaza, Fundi."

"Niliikaza," alimwambia mtawa, kisha akalisema kwa lugha ya kwao. Alifuta uso kwa viganja vyote viwili. Akasema wiki zote hizi, kila akilala, anaikaza nati ile. Anauona mkono, anaiona spana, lakini mwisho wake hauoni. "Nilidhani akina mama wanachimba mchanga kwa sababu yangu. Kufukuzwa si kitu, mimi ni mzee. Hilo ndilo lililonikaa moyoni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hili sikujiandaa nalo. Labda kwa sababu ya uchovu, nikaanza kujitetea, mimi niliyesafiri siku tisa kuacha kujitetea. Nikasema, "Lakini sikusema uongo. Waliniuliza nani alifungua, na uliyefungua ni wewe."

Mtawa ndiye aliyeuliza. "Ulipojibu, ulitaka waelewe nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mama mdogo aliniuliza uongo uko wapi, nami nikajiuliza hilo hilo wiki saba, na sote tulikuwa tukitazama maneno.

"Nilitaka waelewe ni yeye."

"Basi ndicho ulichosema," akasema. Hakusema kwa ukali. "Sisi tunatazama pale, kabla neno halijafika mdomoni. Tendo linazaliwa pale. Mdomo unalitoa nje tu."

Kisha nikawaeleza jogoo ni wa nini, na habari ya ini. Nikasema, "Najua wewe huchinji, Fundi, ndiyo sababu nimekuja na mzee huyu. Yule wa mwanzo hakukupendeza, lakini huyu ni hodari."

Fundi Siripala alinitazama. "Elia, mbuzi wangu yuko wapi?"

"Kwa katekista. Amezaa wawili."

"Na unadhani nilimwacha hai kwa sababu mchinjaji hakunipendeza?"

"Ndiyo."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mtawa akampigapiga mgongoni naye akicheka. Mzee Athumani alisimama na kisu chake hajui kama anachekwa yeye.

Fundi alipotulia alimnyooshea jogoo kiganja chenye maji, jogoo akanywa. "Mtazame. Siku tisa anatafuta maji na kivuli, kama wewe tu. Nikijiwekea kisu hapa shingoni, naogopa, na yeye anaogopa hivyo hivyo. Sasa nitamalizaje maumivu yangu kwa kumpa yeye?"

Mzee Athumani akafunga kisu kwenye gazeti, taratibu. "Hata kwetu," akasema, "mnyama haonyeshwi kisu kabla ya kuchinjwa. Huyu amekiona. Basi, leo haiwezekani." Halafu kwa sauti ya chini, kwangu: "Na nilikinoa Morogoro."

Tulipewa wali na dengu na fenesi. Mtawa hakula, kwa maana wao hawali baada ya saa sita mchana, lakini alikaa nasi akitusogezea sahani. Sijawahi kula hivyo. Nilipomaliza nikasema lililokuwa linanisumbua. "Fundi, bila ini neno halijaisha."

"Kwangu limeisha. Uliposema sakafu ilikuwa kavu, liliisha. Kwa wengine sijui."

"Wengine gani?"

"Unawajua wanaochota maji."

Jumamosi nilimsindikiza mpaka kwenye lango la bandari. Alibeba sanduku moja. Nilimuuliza kama nikiongea na ofisi ya maji atarudi. Akasema miguu yake imechoka, anataka kufa akisikia lugha yake. Kisha akaniuliza kama nyumba ya injini bado naifunga mvua ikinyesha. Nikasema ndiyo. Akaingia.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi. Mzee Athumani alibaki na mjukuu. Nilikaa behewa la mizigo tangu mwanzo, kwa hiari yangu, na mlinzi wa mizigo akaniuliza kwa nini namrudisha jogoo nilikomtoa. Nilianza kumweleza, akalala. Manyoni nilisubiri lori, miguu haiingii kwenye viatu.

Singida nilikwenda kwa ofisa wa maji. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka karani akadhani nauza kuku. Ofisa alinisikiliza. Akaandika, akasema barua itamfuata Fundi hukohuko kwao, na kosa lililoandikwa kwenye jalada lake litafutwa. Kisha akauliza, "Kijiji chako kinajua?"

"Hapana."

"Mimi sitakwenda kuwaambia. Nenda wewe."

Nyumbani nilifika Jumamosi, siku ya kumi na saba. Mama alitazama tenga kabla ya kunitazama mimi. "Amekula ini?"

"Hapana, mama. Amesema kwake limekwisha."

"Na wewe unaonaje?"

Nilitazama ndoo yake. Nusu yake ni matope. Alikuwa ametoka korongoni tangu alfajiri.

"Bado," nikasema.

Sasa mnajua. Mkutano ni Jumatano. Nitasimama, na kama maneno hayatatoka, nimemwomba mwalimu awasomee karatasi hizi kama zilivyo. Ufunguo nitauweka mezani. Mkimchagua mwangalizi mwingine nitamfundisha kijiti, kama nilivyofundishwa. Mpaka injini nyingine ipatikane, zamu za korongoni za mama zetu nimeanza kuzichukua, wengine mmeniona na mkacheka.

Jogoo yupo, nyuma ya nyumba yetu. Ni wa radhi, na waliokosewa ni ninyi, hivyo desturi inawapa haki. Mkisema achinjwe, nitamleta mwenyewe na ini nitalila pamoja nanyi. Mimi sijawa mtu wa mambo matano. La pombe nimejiwekea. Lile la uongo nimeanza nalo, na ni gumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu linaanzia mahali ambapo hakuna mtu anayeona.

Lakini mmeniuliza, na mimi nimezoea kunyamaza, kwa hiyo leo niseme. Nimetembea naye siku kumi na saba. Najua anavyofumba macho akichoka. Ningeomba abaki.